Mfereji wa nyongo umepanuka na sababu haionekani: eko-endoskopi, bili-IRM, CPRE, au tungoje?

Mama aliikunja karatasi ya ekografi (ultrasound) mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge kama anavyofunga pesa ya soko. Nilipoifungua, mstari mmoja ulikuwa umepigiwa kalamu nyekundu: « VBP dilatée à 12 mm, sans obstacle visible ». VBP ni kifupi cha Kifaransa cha mfereji mkuu wa nyongo, ule unaotoa nyongo kwenye ini na kuimwaga utumboni. Umepanuka hadi milimita 12, na kinachouziba hakikuonekana. Mama akauliza, "Njo kansere?", yaani, ndiyo saratani? Nashinda kila siku kwenye chumba cha fibro, bomba lenye kamera linaloshushwa tumboni, cha hospitali moja hapa Lubumbashi, lakini jioni ile sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu wakati huo watu wananiletea karatasi za namna hiyo hadi nyumbani Katuba. Swali ni lile lile. Ekografi imeona mfereji mpana, sababu haikuonekana, daktari anasema vipimo viendelee: tuanze na kipi? Ndugu wamechanga, pesa inatosha kipimo kimoja, labda na safari moja. Ukikosea unarudi mikono mitupu, na mgonjwa amechoka kuliko alivyoondoka. Ndiyo maana naviweka ubavu kwa ubavu eko-endoskopi (ekografi ya ndani, kwa bomba), bili-IRM (picha ya nyongo kwa sumaku) na CPRE (bomba linaloufikia mfereji wenyewe), na nitasema waziwazi ni kipi ninachokipendelea na kwa mgonjwa yupi.

Kwanza yale ya bei ndogo

Mfereji wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7. Umri huupanua pole pole. Madaktari wengi huongeza milimita moja kwa kila miaka 10 baada ya 60. Aliyetolewa kifuko cha nyongo anaweza kuwa na mfereji wa milimita 10 na asiwe na ugonjwa wowote. Kwa hiyo kabla ya kuulizia mashine, angalieni tumbo: kuna kovu? Operesheni ilikuwa ya nini?

Kisha mwageni mezani dawa zote za mgonjwa. Dawa za maumivu za jamii ya morfini, pamoja na kodeini na tramadoli, hubana msuli ulio mlangoni mwa mfereji, na nyongo ikijaa nyuma ya mlango huo mfereji unatanuka. Mzee mmoja wa mtaa wetu alikuwa ameshaanza kukusanya pesa za kwenda nje. Tulipomwaga mfuko wake, ikatoka tramadoli ya mgongo, aliyokuwa akiimeza asubuhi na jioni mwaka mzima. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuiona kuwa dawa ya kutajwa. Daktari wake alimpunguzia taratibu, akambadilishia, na ekografi iliyofuata ilikuta mfereji umesinyaa.

Cha tatu ni damu: bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) ya jumla na ile ya direkti, ambayo hupanda nyongo ikiziba, pamoja na vimeng'enya vya ini na nyongo: fosfatazi alkalini, gama-GT, transaminazi. Maabara nyingi za mjini hufanya hivi. Damu ndiyo inayoamua kama haraka ipo. Mtu asiye na maumivu, hajakonda, damu yake safi, kifuko cha nyongo kilishatolewa, mfereji milimita 9: kwake kungoja nako ni kuchagua, wala si uzembe. Arudie damu na ekografi baada ya miezi 3 hadi 6. Uwezekano wa kukuta jambo kubwa upo lakini ni mdogo, na familia haipaswi kuingia deni kwa ajili ya milimita mbili.

Kwa mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, msomaji aongeze umakini. Damu yake inavunjika kila siku, kwa hiyo macho huwa manjano hata mfereji ukiwa wazi kabisa. Bilirubini ya jumla itawadanganya. Tazameni ya direkti. Lakini damu hiyo hiyo inayovunjika ndiyo inayomtengenezea vijiwe vya nyongo akiwa bado mdogo, basi mfereji mpana kwa mtoto wa SS anayelia na tumbo usiachwe hivi hivi. Na kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, CD4 (hesabu ya chembe za kinga) ikiwa imeshuka chini ya 100, virusi na vijidudu vingine vinaweza kuushambulia mfereji wenyewe, kwa hiyo namba ya CD4 iwe mkononi mwa daktari.

Kuna hali moja ambayo ikitokea mliweke andiko hili pembeni: homa ya kutetemeka, macho ya manjano, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Nyongo iliyoziba imeingiwa na vijidudu. Mgonjwa huyo anahitaji hospitali usiku huo huo, antibiotiki kwenye mshipa, na mfereji ufunguliwe. Msimpitishe kwanza kwa majani machungu, wala msingoje mchango wa ukoo ukamilike.

Eko-endoskopi na bili-IRM: hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo

Ekografi ya kawaida inatazama kupitia ngozi, mafuta na matumbo. Sehemu ya juu ya mfereji, karibu na ini, huonekana vizuri. Sehemu ya chini, pale mfereji unapopita nyuma ya duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, na kuzama kwenye kichwa cha kongosho, hufunikwa na gesi. Na huko chini ndiko vijiwe vidogo na vivimbe vidogo hukaa mara nyingi. Maneno « sans obstacle visible » maana yake ni kwamba kizuizi hakikuonekana kutoka nje. Hayasemi kwamba hakipo. Nimewaona watu wakiyasoma maneno hayo na kwenda zao wakimshukuru Mungu.

Eko-endoskopi ni fibro iliyobeba ekografi kwenye ncha yake. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, anang'ata kipande cha plastiki kinacholinda meno, anapewa dawa ya usingizi mwepesi. Bomba linashuka, linapita tumbo, linasimama ndani ya duodeni. Hapo mfereji uko milimita chache tu nyuma ya ukuta. Ukaribu huo ndio siri yote ya kipimo hiki. Ekografi ya juu ya tumbo hutumia mawimbi ya megahezi 2 hadi 5 kwa sababu lazima yafike mbali. Eko-endoskopi inaweza kutumia 5 hadi 12, mawimbi ambayo hayaendi mbali lakini huchora hata chembe. Ncha huvishwa kijiputo cha maji, maana hewa ikiingia kati picha inapotea.

Kwenye skrini mfereji unaonekana kama bomba jeusi. Kijiwe kinatokea ndani ya weusi huo kama ukucha mweupe uliopinda, na nyuma yake kivuli kirefu, kana kwamba mtu amepitisha mkaa kwenye picha. Tope la nyongo linang'aa kidogo bila kivuli. Mnyoo wa askaris ni mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, mirefu, bila kivuli, na kama yu hai unamwona akijikunja. Wa mwisho huyu nautaja kwa makusudi, kwa sababu kwetu askaris ni wengi na hupanda kutoka utumboni hadi kwenye nyongo. Mara nyingine hata ekografi ya kawaida humkuta, ikiwa mpimaji anamfikiria.

Bili-IRM haiingizi bomba popote. Mgonjwa analala ndani ya tundu la sumaku dakika 20 hadi 40, anashika pumzi akiambiwa, na mashine inayafanya maji yaliyotulia yang'ae. Nyongo ni maji yaliyotulia. Mti wote wa nyongo unatokea mweupe, shina na matawi, kuanzia ndani ya ini hadi mlangoni mwa utumbo. Hakuna miale kama ya eksirei, na kwa kuchora mfereji peke yake hakuna sindano ya dawa ya rangi.

Je, kipi kinaona zaidi? Kwa vijiwe vya mfereji, mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti na kukuta kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye kijiwe, eko-endoskopi huwagundua 95 na bili-IRM 93. Kati ya 100 wasio na kijiwe, ya kwanza husema kweli kwa 97, ya pili kwa 96. Ekografi ya kawaida, katika mapitio ya mwaka huo huo, iliwagundua 73 tu. Tofauti ya 95 na 93 isiwafanye muuze kiwanja. Kama IRM nzuri iko karibu nanyi na eko-endoskopi iko ng'ambo ya mpaka, kwa wagonjwa wengi bili-IRM ndiyo ya kuanza nayo, na wengi wao hawatahitaji kwenda mbele zaidi.

Ila wastani huo unaficha mambo, na ninaomba msomaji asiruke hapa. Bili-IRM hupungukiwa kwenye vijiwe vya chini ya milimita 5. Tope huiponyoka. Mlango wenyewe wa mfereji, ile papila inayochungulia ndani ya duodeni, huchoreka kwa shida kwa sababu ni mdogo na unacheza. Eko-endoskopi inausimamia usoni, na kamera ya bomba hilo hilo inaweza kuuona ukiwa umevimba au una kidonda. Vivimbe vya kongosho vya chini ya sentimita 2, ambavyo ndivyo vyenye tumaini la kukatwa, eko-endoskopi huviona pale ambapo skana (CT) na hata IRM hukosa. Tena inaweza kupitisha sindano nyembamba papo hapo na kuchukua chembe za kupeleka maabara. Hilo bili-IRM haiwezi kabisa. Inatoa picha, haitoi jibu la darubini.

Upande wa pili nao una uzito. Ugonjwa ukiwa juu, kwenye makutano ya matawi ya ini au ndani ya ini lenyewe, eko-endoskopi haifiki vizuri na bili-IRM inaishinda. Aliyekatwa tumbo zamani, utumbo ukaunganishwa njia nyingine, bomba linaweza lisifike duodeni hata kidogo. Ndiyo maana nasema karatasi ya operesheni ya zamani itafutwe hata ikiwa imeliwa na mende. Usingizi mwepesi unahitaji moyo na mapafu yanayostahimili. Anayekunywa dawa za kuyeyusha damu aseme mapema, hasa kama sindano itatumika. Kwa upande wa hatari, kutoboka kwa utumbo kwenye eko-endoskopi ya kutazama tu ni jambo la nadra sana, chini ya mtu mmoja kati ya 1,000. Sindano ikiongezwa, matatizo kama kuvuja damu au kongosho kuvimba huwapata mmoja au wawili kati ya 100. Mgonjwa asile kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo, maji matupu yanakoma zikibaki saa 2, na baada ya hapo asipande pikipiki peke yake wala asisaini karatasi za maana hadi kesho yake.

IRM nayo ina mlango wake. Betri ya moyo ya zamani au chuma jichoni huizuia. Na kwa nchi yetu sina budi kuongeza: risasi na vipande vya bomu. Watu wanatembea na chuma mwilini kwa miaka 20 na hawasemi, ama wamezoea, ama hawataki kukumbuka. Muulizeni mgonjwa faraghani, kwa upole, na kabla ya siku ya kipimo. Wapo pia wanaoogopa tundu lile; mama alitoka humo analia mara ya kwanza, tukarudi siku ya pili na dawa ya kumtuliza.

Jambo moja halizungumzwi, nami naliona kubwa kwa sisi tulio mbali na miji yenye wataalamu wengi. Picha za bili-IRM zinasafiri. Zinawekwa kwenye CD, daktari mwingine mahali pengine anazisoma upya, anaona kile ambacho wa kwanza alikipita. Eko-endoskopi haisafiri hivyo. Inaonwa na yule aliyeshika bomba, siku ile, kwa mkono wake. Picha tatu zilizochapwa kwenye karatasi hazimwambii wa pili kitu. Kwa hiyo unapochagua eko-endoskopi unamchagua na mtu. Mtaalamu aliyeifanya mara mia kadhaa na aliyejifunza mwaka jana hawauoni mfereji kwa macho sawa.

CPRE si ya kutazamia

Katika CPRE, fibro inayoangalia ubavuni inashuka hadi kwenye papila, mrija mwembamba unaingizwa ndani ya mfereji wenyewe, dawa ya rangi inamiminwa na eksirei inapigwa. Ilianza mwaka 1968, na wakati huo ilikuwa ajabu: kwa mara ya kwanza mfereji ulionekana bila kupasua tumbo. Mwaka 1974 wakaanza kuikata papila na kutoa vijiwe kwa njia hiyo hiyo. Eko-endoskopi ilikuja mwaka 1980, bili-IRM mwaka 1991, na tangu hapo kazi ya kutazama imeondolewa mikononi mwa CPRE. Imebaki kazi ya kutibu, na kwa kutibu ni bora mno.

Kati ya watu 100 wanaofanyiwa CPRE, 3 hadi 10 kongosho yao huvimba. Wengi hupona kwa siku chache. Baadhi hawaponi.

Tantine wangu, mdogo wake mama, alikuwa na mfereji wa milimita 10, damu safi, na tumbo linalouma mara moja moja. Katika hospitali moja walimwambia wataingiza bomba "kuona vizuri". Hakuna aliyemweleza kwamba kuna njia nyingine ya kuona. Hawakukuta kitu. Usiku ule alianza kutapika, maumivu yakampiga hadi mgongoni, akakaa kitandani wiki tatu, na mtoto wake wa mwisho aliacha shule muhula huo kwa sababu ada iliishia kwenye dripu. Ninapoandika haya bado nina uchungu. Waliofanya hivyo hawakuwa wabaya. Walikuwa na mashine hiyo, wakaitumia. Lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza: je, mnaingia kutoa kitu mnachokijua, au mnaingia kutafuta? Jibu likiwa kutafuta, ombeni bili-IRM au eko-endoskopi kwanza. Na kama CPRE haiepukiki, ulizeni kuhusu indometasini au diklofenaki ya kuwekwa njia ya haja kubwa, ambayo hupunguza hatari hiyo kwa gharama ndogo sana.

Wapo wanaopaswa kwenda moja kwa moja kwenye CPRE, wasipoteze pesa kwa picha zaidi. Miongozo ya mwaka 2019 ya chama cha madaktari wa endoskopi cha Marekani inawataja: kijiwe kimeshaonekana ndani ya mfereji, mfereji umeingiwa na vijidudu, kama nilivyoeleza juu, au bilirubini imepita miligramu 4 kwa desilita, yaani kama mikromoli 68 kwa lita, huku mfereji umepanuka. Kwa hao, eko-endoskopi ni kuchelewa.

Kwa wale wa katikati, damu imepanda kidogo, mfereji mpana, kijiwe hakijaonekana, eko-endoskopi ina faida ambayo bili-IRM haina: mahali penye vifaa na watu wa eko-endoskopi na wa CPRE, wakikuta kijiwe wanabadilisha bomba na kukitoa katika usingizi ule ule au kesho yake. Wasipokuta, mgonjwa anaamka na papila yake haijaguswa. Mkisafiri kwenda mbali, hilo linaweza kuokoa safari nzima ya pili.

Skana

Skana ndiyo watu huikimbilia kwanza kwa sababu inapatikana na jina lake ni kubwa. Kwa mfereji mpana wenye damu iliyopanda kidogo na kijiwe kinachoshukiwa, mara nyingi ni pesa iliyopotea: vijiwe vingi vya kolesteroli vina uzito sawa na nyongo inayovizunguka, na skana inavipita. Sisi tulianza nayo. Ilituambia mfereji ni mpana, jambo tulilokuwa tunalijua.

Lakini kuna mgonjwa ambaye kwake skana ni ya kwanza. Amekonda bila sababu, macho yamekuwa manjano bila maumivu, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka, ngozi inawasha. Au sukari imempanda ghafla baada ya miaka 50. Au ekografi imeona mfereji wa nyongo na ule wa kongosho vyote viwili vimepanuka. Hapo tunaogopa kivimbe cha kichwa cha kongosho, na skana yenye dawa ya rangi, iliyopangwa kwa ajili ya kongosho, itaonyesha ukubwa wake na kama kimeishika mishipa ya damu. Kreatinini ipimwe kwanza kwa ajili ya figo. Skana hiyo ifanywe kabla mtu hajaweka mrija kwenye mfereji, kwa sababu mrija na kongosho lililovimba vinavuruga picha. Eko-endoskopi inafuata, sasa kwa kazi ya sindano, au kwa kutafuta kilicho kidogo mno kwa skana.

Ningechagua vipi nikiwa hapa Lubumbashi

Mtu mzima wa miaka 40, kifuko cha nyongo bado anacho na kina vijiwe, damu imepanda kidogo, mfereji milimita 9: bili-IRM, kama ipo mahali anapoweza kufika bila kulala njiani. Ikikuta kijiwe, sasa anasafiri kwa ajili ya CPRE akijua anachokwenda kutoa. Isipokuta lakini maumivu na gama-GT vinaendelea, eko-endoskopi, kwa sababu mashaka yaliyobaki ni ya vijiwe vidogo na papila, na huko ndiko inakoshinda.

Mtu wa miaka 65, hana kijiwe chochote kifukoni, mfereji unapanuka kutoka ekografi moja hadi nyingine, amepungua kilo: asikae kwenye foleni ya bili-IRM. Skana ya kongosho, kisha eko-endoskopi yenye sindano. Kwake muda una thamani kuliko nauli.

Mwenye risasi mwilini: eko-endoskopi. Aliyekatwa tumbo na utumbo ukaunganishwa njia nyingine: bili-IRM. Mjamzito: bili-IRM bila dawa ya rangi, na daktari wa uzazi ashirikishwe. Mtoto: bili-IRM, na ekografi irudiwe kwanza na mtu anayejua kutafuta askaris, huenda dawa ya minyoo na subira zikatosha.

Kabla ya kukata tiketi, iwe ya ndege kwenda Johannesburg au gari la kuvuka Kasumbalesa, pigeni simu. Msiulize tu kama mashine ipo. Ulizeni kama daktari anayeitumia yuko wiki hiyo, kama bomba halijaharibika, kama CPRE inafanyika hospitali hiyo hiyo, na kama bei waliyotaja imejumuisha usingizi, sindano na maabara. Nimeona familia ikifika mpakani na bei ya kipimo, ikakuta bei ya usingizi imebaki nje. Katika bahasha wekeni damu zote kwa mpangilio wa tarehe, CD, karatasi ya operesheni ya zamani, na orodha ya dawa, tramadoli ikiwemo.

Kwa mama tulikosea mpangilio. Kifuko chake kilitolewa zamani, gama-GT na fosfatazi zilikuwa zimepanda, bilirubini ilikuwa ya kawaida. Tulianza na skana, haikusema kitu. Bili-IRM ikaandika mfereji mpana, hakuna kijiwe. Yaya, kaka yetu mkubwa, alitaka tukomee hapo. Mama naye alikuwa upande wake: "Miye shiko mugonjwa. Makaratasi njo iko mugonjwa." Lakini damu iliyorudiwa ilikuwa imepanda tena, na tumbo lilikuwa likimwamsha saa tisa usiku, anakaa kwenye ukingo wa kitanda ameshika magoti hadi jogoo wa jirani awike. Mtu wa namna hiyo hana makaratasi tu. Nilimwomba yaya kwa machozi, akakubali.

Tulienda Johannesburg. Eko-endoskopi ilichukua kama dakika 25. Kijiwe kilikuwa cha milimita 4, kimekaa juu kidogo ya papila, na tope limekizunguka. Daktari aliniita nitazame, nikauona ule ukucha mweupe na kivuli chake. Kesho yake CPRE ilikitoa, na jioni mama aliomba bukari, ugali wetu, wakampa supu.

Ekografi ya miezi sita baadaye iliandika milimita 9, na gama-GT ilikuwa imeshuka hadi kawaida. Mfereji uliokaa umepanuka muda mrefu haurudi kila mara kama ulivyokuwa. Nimeyaandika hayo kwa kalamu ya bluu pembeni ya ule mstari mwekundu, pamoja na tarehe ya kutolewa kijiwe, ili daktari mwingine atakayeisoma karatasi ile asimwanzishe mama upya.